Maswali ya Wasomaji: Je, Maneno ya Mhusika ni Maneno ya Mwandishi?

SWALI: Shikamoo Mama Mhariri. Mimi ni kijana wa Tabata, ninaandika hadithi fupi, na mojawapo nimeiambatanisha na barua hii ili uisome kabla ya kunijibu. Msimulizi wake ni mwanamume mwenye duka la vipuri vya magari pale Gerezani, anayeamini kwamba mwanamke ameumbwa kutii, na anayasimulia maisha ya ndoa yake kwa nafsi ya kwanza, zikiwamo siku alizompiga mkewe, bila kujuta. Nilipoisoma mbele ya wenzangu katika kikundi chetu cha uandishi, dada wawili waliinuka wakaondoka, na mmoja wao akaja kuniambia baadaye kwamba maneno yale hayawezi kumtoka mtu asiyekuwa nayo moyoni. Aliyeniumiza zaidi ni mchumba wangu, ambaye aliisoma akaniuliza kama hivyo ndivyo nitakavyoishi naye. Mimi nilidhani ninaandika kuupinga mfumo dume. Je, mwandishi anayemuumba mhusika mwenye kuwadharau wanawake huwa naye amewadharau? Niibadilishe hadithi hii, au niiache kama ilivyo?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, na kwa kuwa umeuliza waziwazi nitakujibu waziwazi. Hapana, mwandishi hawi mbaguzi wa wanawake kwa sababu tu amemuumba mhusika aliye mbaguzi. Dada aliyekwambia kwamba maneno yale lazima yatoke moyoni amekosea juu ya njia ambayo maneno humfikia mwandishi. Maneno ya muuza vipuri wako yanasemwa kila siku kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya daladala, kwenye vikao vya harusi na hata katika mawaidha ya wazee kwa bwana harusi, na mtu aliyekulia Dar es Salaam ameyasikia kabla hajajua kuandika. Kuyasikiliza kwa makini hadi ukaweza kuyaandika yakaaminika ni sehemu ya kazi ya uandishi, na sehemu hiyo umeifanya vizuri.

Watazame wakubwa waliokutangulia. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, alimweka mbele yetu Zakaria, baba mlevi wa Ukerewe anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Riwaya ile ilishtua watu, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikawa miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazohakikiwa sana. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria iliweza kukataza. Haikuweza kutuingiza ndani ya nyumba ambamo kipigo kinaitwa malezi na binti anatoka humo akiwa hajafundishwa lolote ila woga. Kwa hilo alihitajika mtu wa kumwandika Zakaria mzima, pamoja na ukali wake na kauli zake. Bwana Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, naye anamfungia ndani binti yake Maimuna na kumtesa mkewe Tamima, huku nje akiheshimiwa kama mkubwa. Ukizinyofoa kauli zake ukazisoma peke yake, utaapa kwamba aliyeziandika ni adui wa wanawake, lakini ukikisoma kitabu chote hutathubutu kuapa hivyo.

Hata hivyo jibu haliishii hapo, na nasikitika kwamba waandishi wetu wengi huliishia hapo. Kauli ya kwamba "huyo ni mhusika, si mimi" imekuwa njia ya kuwanyamazisha wasomaji, hasa wasomaji wanawake, ambao wakilalamika huambiwa kwamba hawaijui fasihi. Sikubaliani kabisa na jambo hilo. Mhusika hakujileta mwenyewe kwenye ukurasa. Mwandishi ndiye aliyeamua nani asimulie, nani apewe jina, maumivu ya nani yapewe aya tatu na ya nani yapitiwe kwa nusu sentensi, na kicheko kije baada ya neno lipi. Mhusika anaposema, mwandishi si msemaji; lakini maamuzi haya ni yake peke yake na lazima ayajibu. Kwa hiyo nakuomba uache kujiuliza mhusika wako anasema nini, ujiulize hadithi yako inawatendeaje wanawake waliomo, mbali na vile anavyowaona huyo anayewadharau.

Katika Utengano, mwandishi hamwachi Maimuna abaki vile baba yake anavyomwona. Anatoka naye nyumbani, anamfuata mjini alikokimbilia, anatuonyesha anavyotamani, anavyodanganywa, anavyoanguka na anavyofikiri. Maksuudi anamwona binti huyo kama mali ya kufungiwa, ilhali kitabu kinamwona kama mtu. Umbali huo uliopo kati ya macho ya mhusika na macho ya kitabu ndimo unamopatikana msimamo wa mwandishi, na ndimo msomaji anapaswa kuutafuta.

Sasa tuje kwenye hadithi yako, ambayo umeifanya ngumu zaidi kwa kuchagua nafsi ya kwanza. Msimulizi maizi, yaani yule ajuaye yote hadi mawazo ya kila mhusika, anaweza kumwacha mume sebuleni akaingia jikoni kwa mke na kutueleza anachokiwaza. Muuza vipuri wako hawezi. Kila tunachokijua tunakijua kupitia kwake, kwa hiyo umbali nilioutaja huna budi kuujenga kwa mambo ambayo yeye anayataja bila kujua uzito wake. Mahali pamoja umefanya hivyo kwa ustadi ulionifurahisha sana. Analalamika kwamba mkewe humkatiza usingizi saa kumi alfajiri kwa moshi na harufu ya vitumbua, na kurasa mbili mbele anajisifu kwamba watoto wake hawajawahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule, wakati hesabu ya duka aliyotusomea mwenyewe inaonyesha kwamba kwa miezi kadhaa duka halikuingiza faida yoyote. Hukusema ni nani anayelipa, lakini msomaji anajua, na anajua pia kwamba msimulizi hajui kuwa amejifichua. Hapo dharau ni ya mhusika peke yake, na hadithi imesimama upande wa mwanamke ambaye hata jina hakupewa.

Mahali pengine pawili mambo yamekuponyoka. Yule msichana anayeingia dukani kuulizia betri, umempa aya nzima ya kumweleza umbo lake. Unaweza kuniambia kwamba ndivyo msimulizi anavyowatazama wanawake, nami ningekubali, isipokuwa lugha ya aya ile si ya muuza vipuri. Kwingine kote anasema kwa sentensi fupi za mtu wa biashara, za bei na mizigo na wadeni; hapo anapata ghafla tashbihi za kishairi zilizochongwa kwa subira, na msichana hasemi hata neno, hana kazi yoyote katika mkasa, na aya ikiisha hatumwoni tena. Msimulizi hakuihitaji aya hiyo. Aliyeihitaji ni wewe. Vivyo hivyo baada ya kipigo cha pili, rafiki wa msimulizi anatoa utani juu ya mke aliyevimba jicho, na utani ule umeupanga ili sisi wasomaji tucheke, wala si ili tuwaone wao wakicheka. Nadhani hapo ndipo wale dada wawili walipoinuka. Waliona jambo la kweli, ingawa walipolitamka walilitamka kama shitaka juu ya moyo wako.

Sisemi kwamba unawachukia wanawake. Aya mbili hazitoshi kuwa ushahidi wa yaliyomo moyoni mwa mtu, na hata kitabu kizima huwa ushahidi dhaifu. Ninachosema ni kwamba katika aya zile hadithi yako imeacha kumtazama mbaguzi, ikaanza kutazama pamoja naye. Jambo hilo humpata hata mwandishi mwenye nia njema kabisa, kwa kuwa mfumo dume haukai katika imani tunazozitangaza tu. Umo pia katika sifa za uzuri tulizozirithi, katika utani tuliouzoea, na katika kila sentensi inayotujia kwa urahisi bila kuitafuta.

Umeuliza kama uibadilishe. Zibadilishe aya hizo mbili, lakini nakuomba sana usimlainishe muuza vipuri, wala usimlete sheikh, padri au shangazi wa kumkemea katika ukurasa wa mwisho ili wasomaji wajue uko upande gani. Mwaka 1857 mwandishi wa Ufaransa, Gustave Flaubert, alishtakiwa mjini Paris kwa kuyaudhi maadili ya umma kupitia riwaya yake Madame Bovary, inayomhusu mwanamke anayetoka nje ya ndoa, na mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alishikilia kwamba ndani ya kitabu kile hamna mhusika hata mmoja awezaye kumhukumu mwanamke huyo. Mahakama ilimwachia mwandishi, lakini hoja ya Pinard haikufa. Ingali inasikika kila mtu anapodai kwamba kosa lisilokemewa ndani ya hadithi ni kosa la aliyeiandika, na kwetu ina nguvu ya pekee kwa kuwa tumelelewa na ngano na tenzi ambamo mwovu huadhibiwa na funzo hutamkwa kwa sauti. Nazipenda ngano hizo na ninawasimulia wajukuu wangu, lakini hadithi yako ni ya aina nyingine, nayo inamtaka msomaji afanye kazi ya kuhukumu yeye mwenyewe.

Wala adhabu ya mwisho haithibitishi usafi wa mwandishi. Zipo hadithi nyingi za mfululizo ambamo mume katili anatawala sehemu baada ya sehemu, ukatili wake ukiwa ndio unaouza gazeti, kisha anagongwa na gari katika sehemu ya mwisho na tunaambiwa kwamba haki imetendeka. Mara nyingi zaidi anayeadhibiwa ni mwanamke: aliyependa fedha anaachwa, aliyetoka nje ya ndoa anakufa, aliyekataa kuolewa anazeeka kwa majuto, na wanaume walioshiriki naye wanatoweka tu bila mtu kuuliza walikokwenda. Pembeni yao huwekwa mke mwema ambaye sifa yake kubwa ni kuvumilia. Hadithi kama hizo zinaweza zisiwe na mhusika hata mmoja anayetamka neno baya juu ya wanawake, na bado zikawabagua kuliko hii yako yenye matusi kila ukurasa. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna anayeinuka akaondoka zinaposomwa.

Kuhusu mchumba wako, usimjibu kwa nadharia ya fasihi. Yeye hakuuliza juu ya msimulizi. Ameuliza juu ya nyumba anayokaribia kuingia, na katika jiji hili kila binti anamfahamu mwanamke ambaye hakuuliza mapema. Mjibu kwa maisha: mweleze unavyofikiri juu ya fedha zake, kazi yake, ndugu zake, na jinsi mtakavyogombana bila mkono kuinuka. Hayo yakiisha, ndipo umwombe akuonyeshe mistari iliyomtia hofu. Ikiwa ni ileile niliyoitaja mimi, una sababu ya pili ya kuifuta.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja wilayani Temeke. Kila tunapofika kwenye swali la nafasi ya mwanamke katika jamii, wanafunzi wangu huandika kwamba mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, wakanukuu kauli ya mhusika mlevi, kisha wakahitimisha kwamba huo ndio msimamo wa mwandishi. Nikiwanyima alama wananionyesha vitini walivyonunua mitaani, vyenye maneno hayohayo. Niwafundisheje?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Mwalimu, endelea kuwanyima alama za hitimisho hilo, lakini wape zile za nukuu, kwa sababu hatua ya kwanza wameipiga sawasawa. Kosa lao ni kuruka. Kati ya kauli ya mhusika na msimamo wa mwandishi kuna jambo kubwa, nalo ni yote ambayo hadithi inayaonyesha kuhusu kauli hiyo, na vitini hulipita kwa kuwa haliwezi kukaririwa. Lazima kitabu kisomwe.

Wape Okonkwo wa Chinua Achebe, katika riwaya ya mwaka 1958 ambayo tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Hamkani si Shwari Tena. Okonkwo anampiga mkewe katika Juma la Amani, na jamii yake inamtoza faini. Waulize wanafunzi faini hiyo ni ya nini. Wakisoma kwa makini wataona kwamba ametozwa kwa kuivunja amani ya juma lile, na wala si kwa maumivu ya mke, na kwamba msimulizi hakuongeza hata neno moja la huruma. Mwenye haraka ataandika kwamba Achebe hakujali. Wambie basi waifuatilie hofu ya Okonkwo ya kuonekana dhaifu kama mwanamke, tangu aibu aliyoachiwa na baba yake, hadi inapomfanya ainue panga dhidi ya Ikemefuna, kijana aliyekuwa akimwita baba, na hadi inapomfikisha kwenye kifo chake mwenyewe. Dharau yake kwa kila kilicho cha kike ndiyo inayomwangamiza, na aliyeupanga mkasa uende hivyo ni mwandishi.

Nakuomba pia usimnyime alama mwanafunzi atakayesema kwamba, pamoja na hayo yote, wake wa Okonkwo wamepewa nafasi finyu mno ya kusema na kufikiri. Huo ni uhakiki halali, unahusu maamuzi ya mwandishi, na unaweza kuthibitishwa kwa kurasa. Achebe mwenyewe katika riwaya yake ya mwaka 1987, Anthills of the Savannah, alimweka Beatrice, mwanamke msomi anayesimulia sehemu ya mkasa kwa sauti yake mwenyewe. Mhakiki anaweza kuziweka riwaya hizo mbili pamoja na kuona safari ya mwandishi, bila kumwita mbaguzi wala kumsafisha.

Kisha wapeleke kwenye Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo hamna mhusika aliyesimama kati ya mtunzi na maneno. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake usia, na anamfundisha kwamba siku ya kufufuliwa shauri lake litakuwa mikononi mwa mumewe, na atakalolitaka mume ndilo atakalotendewa. Hapo mwanafunzi ana haki ya kuzungumzia msimamo wa mtunzi moja kwa moja, kwa kuwa mtunzi anasema kwa nafsi yake. Ataona pia kwamba kuwa mwanamke hakumtoi mtunzi katika mfumo aliolelewa. Msaidie tu asisahau nani anasema na nani: mama anayejua kwamba kifo kiko karibu, akimwachia binti yake mbinu za kuishi salama katika jamii ambayo mama huyo hakuiunda. Mwanafunzi akiweza kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, yaani usia unavyomdunisha mwanamke na upendo uliouzaa usia huo, mpe alama zote.

SWALI: Mama, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kigamboni. Swali langu ni fupi. Ikiwa mwandishi mwenyewe anajulikana kuwa alimtesa mkewe, nivitoe vitabu vyake nyumbani kwangu?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Dada yangu, hilo ni swali tofauti na la kijana wa Tabata, na ni vyema yasichanganywe. Mwandishi wa Marekani, Norman Mailer, alimchoma mkewe kisu mwaka 1960, na jambo hilo lilifika mahakamani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1970, mhakiki Kate Millett alichapisha kitabu chake Sexual Politics, ambamo alizinukuu kurasa za Mailer, Henry Miller na D. H. Lawrence kwa urefu, akaonyesha sentensi kwa sentensi jinsi masimulizi yao yanavyofurahia kumdunisha mwanamke. Tendo la kisu lilihitaji hakimu na kurasa zilihitaji mhakiki. Mtu anaweza kuwa mwema nyumbani na akaandika vitabu vinavyowadunisha wanawake, na mwingine akawa katili nyumbani huku akiandika kurasa za haki kabisa. Hukumu ya upande mmoja haiwezi kutumika upande wa pili.

Kuhusu rafu ya nyumbani kwako, una haki kamili ya kuamua, na usikubali kuambiwa kwamba huipendi fasihi kwa sababu hutaki jina la mtu fulani mbele ya wanao. Ila ukiwaeleza kwa nini umevitoa, waeleze alichokitenda mtu huyo, na usiwaambie kwamba vitabu vina maneno ambayo hujayaona. Na ikiwa kinachokukera ni fedha yako kumfikia mwandishi aliye hai, nenda ukakitafute kitabu chake Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukisome bila kukinunua, ndipo uamue.